Tajiri Anapotuita Wanawe: Kijakazi, Kuli na Mwajiriwa wa Leo

Katika makala haya twakusudia kuvirejea vitabu vichache ambavyo wasomaji wa jarida hili wanavijua vyema, na ambavyo wengi wetu tumevifundisha hata kurasa zikaachana na gundi. Hatukurejeshwa kwavyo na toleo jipya, wala na mjadala wa wataalamu. Tumerejeshwa na mwanafunzi mmoja wa darasa letu la jioni, dada afanyaye kazi mapokezi katika hoteli moja ya hapa Kampala ambayo hatutaitaja kwa jina. Tulikuwa tumefikia mwisho wa Kuli, riwaya ya Adam Shafi, nasi tukawauliza wanafunzi, ambao karibu wote ni watu wenye ajira, wanajionaje katika maisha ya Rashidi. Tulitazamia majibu tuliyoyazoea: unyonyaji, umoja, ukombozi. Dada yule akasema, "Mwalimu, Rashidi alikuwa na bahati. Tajiri wake hakumwambia kuwa anampenda."

Darasa likacheka, kisha likanyamaza. Tulipomwomba aeleze, alieleza kwa Kiswahili chake kinachojengeka bado, na tutayaweka maneno yake kwa ufupi. Kazini kwake kila Ijumaa kuna mkutano ambapo meneja husema kuwa wao si wafanyakazi, bali ni familia. Kuna kundi la simu ambalo haruhusiwi kulitoka, na ujumbe huingia humo saa tano za usiku, nao hutakiwa kujibiwa kwa furaha. Tabasamu lake hupimwa na kuandikwa alama kila mwezi. Mama yake alipolazwa hospitali, akaomba ruhusa ya siku tatu, familia ile ilimpa fomu ya kujaza, na siku zile zikakatwa mshahara. "Ningekasirika," akasema, "lakini mtu hukasirikaje na familia?"

Swali hili limetusumbua kwa sababu ni swali la uhakiki hasa. Lauliza kama fasihi tunayoisomesha inamwona msomaji wake. Na hatuna budi kukiri kwamba namna tulivyozoea kuisomesha haimwoni.

Tuanze na Kuli yenyewe, maana ndiyo iliyoshika kiti cha mbele kila panapotajwa mfanyakazi katika riwaya ya Kiswahili. Ilichapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1979. Msingi wake ni mgomo mkuu wa Unguja wa Agosti na Septemba 1948, ambao ulianza kwa wachukuzi wa bandarini na kuenea katika mji mzima hata ukawa mgomo wa watu wote. Haukuwa peke yake. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939 na tena 1947, Mombasa ilisimama Januari 1947, na hapa kwetu Uganda migomo ya Januari 1945 ilizagaa kutoka Kampala hadi miji mingine. Bei za vitu wakati wa vita na baada yake zilipanda haraka kuliko ujira, na bandari ndiyo mahali ambapo mtu mmoja akikunja mikono, meli nzima hukaa. Adam Shafi alichagua vyema mahali pa kusimama.

Nguvu ya riwaya hii, kwa maoni yetu, iko katika mwili. Rashidi ni mwana wa kuli aingiaye kazi ile ile ya baba yake, na msomaji anausikia uzito wa mzigo kabla hajaambiwa neno lolote juu ya haki. Udhaifu wake uko katika midomo. Faraji, mwenzake aliye macho zaidi, anapozungumza juu ya umoja wa wafanyakazi, mara kwa mara tunamsikia mwandishi akisimama nyuma yake na karatasi mkononi. Lakini udhaifu huo ndio uliotufaa sisi walimu. Hotuba ya Faraji ni rahisi kuigeuza kuwa maswali ya mtihani: eleza dhamira, taja mbinu, jadili umoja. Uzito wa gunia hauna alama katika mwongozo wa kusahihisha. Hivyo tukawafundisha wanafunzi kwamba dhuluma ya kazini ina sura moja: upande huu mbebaji, upande ule mwenye kampuni, na kati yao ukuta ulio wazi kwa kila mwenye macho. Aliye kwenye kazi ambayo ukuta wake umepakwa rangi na kuning'inizwa picha za watu wanaocheka, hajioni humo. Anafunga kitabu akidhani kuwa shida yake haina jina, au, vibaya zaidi, kwamba ni yeye asiye na shukrani.

Sasa mwandishi huyu huyu, mwaka mmoja kabla ya Kuli, alitoa Kasri ya Mwinyi Fuad. Humo yumo Kijakazi, mtumishi wa kasri, ambaye anamtumikia bwana wake kwa moyo mzima. Halalamiki. Anapoteswa anatafuta kosa lake mwenyewe. Mapinduzi ya Januari 1964 yanapoingia na kumwondoa Fuad katika enzi yake, moyo wa Kijakazi unachelewa nyuma ya matukio. Wenzake wameuona mwanga naye bado ana huzuni ya kasri. Wahakiki wengi, nasi tumo, tumemhukumu kwa haraka. Tumemwita mjinga, aliyelala, mfano wa mtu asiye na mwamko wa kitabaka, aliyewekwa hapo ili tumwone akiamka. Tumemsoma kama ugonjwa uliopata dawa yake katika sura za mwisho.

Tukimsoma tena baada ya maneno ya yule dada wa mapokezi, tunamwona mtu mwingine. Kijakazi hafanyi kazi ya mikono peke yake. Kazi yake iliyo kubwa kuliko kupika na kufagia ni kupenda. Kasri inaendeshwa kwa upendo wake kama vile bandari inavyoendeshwa kwa mabega ya Rashidi, na upendo ule hauna ujira kwa kuwa haukuhesabiwa kamwe kuwa ni kazi. Hapa ndipo tunaposema kwamba Kasri ya Mwinyi Fuad, ijapokuwa inasimulia ukabaila uliokwisha, iko karibu zaidi na ofisi ya leo kuliko Kuli. Mwenye kasri hakuhitaji kumwambia Kijakazi kuwa ni mtu wa nyumbani. Yeye mwenyewe aliamini hivyo. Mwajiri wa siku hizi analazimika kulisema kila Ijumaa, na labda tofauti hiyo ndiyo dalili ya kwamba mfanyakazi wa leo haamini tena kwa wepesi. Lakini linalotakiwa ni lile lile: atoe, pamoja na saa zake, na moyo pia.

Msomaji atatuuliza kama si kumwonea mwandishi kuisoma riwaya ya kabaila na mjakazi kana kwamba ni riwaya ya hoteli. Pingamizi hilo lina haki. Fuad ana ardhi, naye meneja ana mkataba wa miaka miwili na hofu ya wakubwa wake. Fuad hana haja ya kujali jina lake kwa wageni, ilhali hoteli huishi kwa jina hilo. Hatusemi kuwa vitu hivi ni kimoja. Twasema tu kwamba Adam Shafi aliiona sehemu ya utumishi ambayo nadharia aliyokuwa akiiandikia haikuwa na chombo cha kuipimia, akaiweka ndani ya mwanamke mmoja, kisha yeye mwenyewe akaharakisha kuiponya. Sura zinazomwamsha Kijakazi ndizo zilizo dhaifu katika kitabu. Sura anazolala ndizo zenye uhai.

Hapa tungependa kuiacha riwaya kidogo na kuitazama lugha, kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha kwanza. Maneno ya Kiswahili yanayohusu ajira yana jambo moja la kushangaza ambalo hatukumbuki kuliona likifundishwa. Karibu yote yanamweka mfanyakazi katika kauli ya kutendwa. Huajiriwa, huhamishwa, hupunguzwa, huachishwa, hufutwa. Jina lake lenyewe, mwajiriwa, ni la kutendwa. Mtumwa ni aliyetumwa, na mtumishi, aliyepandishwa cheo kwa kiambishi tu, ametoka katika shina lile lile la tuma. Kibarua ni barua ndogo, cheti alichopewa mtu kwa kazi ya siku. Katika Unguja ya karne ya 19 watumwa walikodishwa hivyo, na sehemu ya ujira ikaenda kwa bwana. Leo cheti ndicho kilichokuwa jina la mtu. Tajiri kwa asili ni mfanyabiashara, akawa mwenye mali, kisha akawa mwajiri, na mzee wa bandarini akisema "tajiri wangu" hasemi kuwa mtu yule ana fedha, anasema kuwa yeye ni wake.

Nahau nazo zina siasa yake. Mtu akiondolewa kazini, watu wa pwani husema amemwaga unga. Tazama nani mtendaji: aliyemwaga ni yeye, kana kwamba mkono wake ulitetemeka. Ama husema kibarua kimeota nyasi, na hapo mtendaji ni nyasi. Kenya husema amepigwa kalamu. Angalau hapo kuna chombo, ijapokuwa mkono ulioshika kalamu umefichwa. Tumetafuta nahau ya zamani ambayo mwajiri ndiye mtendaji wake tukashindwa, nasi twamwomba msomaji aliye na moja atuandikie. Upande wa pili kuna vitenzi viwili tu ambavyo mfanyakazi ni mtendaji kamili mbele ya mwajiri: kugoma, na kuacha. Riwaya yetu imekitukuza cha kwanza. Cha pili karibu haikukigusa, isipokuwa katika kitabu kimoja ambacho sasa tunakigeukia.

Utubora Mkulima ya Shaaban Robert ilichapwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kufa kwake. Utubora amerudi kutoka vitani, ana kazi ya kuaminiwa mjini katika nyumba ya biashara, na tajiri wake anamthamini. Anaiacha. Anakwenda Busutamu kulima. Kwa miaka mingi tumewaambia wanafunzi kwamba huyu ni mhusika wa ndoto, mtu asiye na kasoro, aliyeundwa ili kusimamisha maadili, na kwamba kijiji chake hakiko katika ramani yoyote ya mkulima halisi wa Tanganyika. Yote hayo ni kweli. Nani alilima kwa raha ile, pasipo nzige wala kodi wala jirani mwenye ng'ombe watoro? Lakini katika kuicheka Busutamu tumekosa kuutazama mlango alioutokea.

Jambo la ajabu katika kuondoka kwake ni kwamba hakuna aliyemdhulumu. Mwandishi angeweza kwa urahisi kumpa tajiri mkali, mshahara mdogo, tusi moja mbele ya watu. Hakufanya hivyo. Alimpa mwajiri mwema, kisha akamfanya mtu wake asitosheke. Swali analoliuliza kwa hiyo halihusu ukatili wa mwajiri. Linahusu hali yenyewe ya kuwa mtu wa mwingine kuanzia asubuhi hadi jioni, hata kama mwingine huyo ni mwema. Shaaban Robert alilijua analolisema. Aliingia ukarani wa forodha wa serikali ya kikoloni mwaka 1926, na kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa mtu wa ofisi, akihamishwa kutoka kituo hadi kituo, huku mashairi na hadithi zikiandikwa katika saa zilizobaki. Tunapomfikiria mshairi mkuu wa lugha yetu, tumfikirie pia kama karani anayeitazama saa. Hatudai kwamba Utubora ni yeye. Ila mtu aliyekaa mezani kwa miaka yote hiyo, akaandika hadithi ya mtu aliyeinuka mezani akaenda zake, hakuandika maadili matupu.

Na tuseme wazi mahali kitabu kinapotuangusha. Utubora ana pa kwenda. Ana ardhi inayomngoja, hana madeni, hana wadogo zake wanaosubiri ada ya shule. Dada wa mapokezi hana Busutamu. Ana chumba cha kupanga, na mama aliyetoka hospitali na karatasi ya dawa. Kuacha, kwake, ni kitenzi anachokifikiria kila asubuhi ndani ya teksi na kukirudisha mfukoni akifika. Fasihi ya Kiswahili bado haijamwandika mtu huyu anayeacha kazi kila siku moyoni na kurudi kila siku kwa miguu yake. Mgomo wake uko wapi? Pengine uko katika kujibu ujumbe wa saa tano saa moja baadaye kuliko inavyotakiwa.

Juu ya tamthilia ya Alamin Mazrui, Kilio cha Haki, ya mwaka 1981, tutasema machache, si kwa kuwa ni ndogo bali kwa kuwa inajulikana na ubora wake umekwisha kusemwa. Lanina anawaongoza wafanyakazi wa shamba la Delamon, jina ambalo masikio ya Kenya hayawezi kulisikia bila kumkumbuka Delamere. Sifa yake kubwa ni kuonyesha kuwa mwanamke mfanyakazi hupigana mahali pawili, shambani na katika mila inayomwambia kuwa kuongoza si kazi yake. Mwaka 1982 mwandishi aliwekwa kizuizini pasipo kufikishwa mahakamani. Wenye serikali walau waliiamini fasihi kuliko wahakiki wengine. Lakini Delamon, kama wenye kampuni wa Kuli, ni adui asiye na haja ya kupendwa. Anataka kazi, hataki tabasamu. Jukwaa letu lingali linamngoja Delamon anayeshika kipaza sauti siku ya Ijumaa na kuwashukuru wanawe.

Kwamba bwana wa namna hiyo si uvumbuzi wa jana, wenzetu wa Lubumbashi wanaweza kutufundisha. Union Minière, kampuni iliyochimba shaba ya Katanga, tangu miaka ya 1920 iliamua kuwa mfanyakazi anayekaa na mke na watoto wake ni rahisi kuliko yule anayetoroka kila baada ya miezi. Ikampa nyumba, posho, hospitali, shule ya watoto na mafunzo ya mke. Ikawa baba. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kambi zile, na neno kazi likachukua uzito ambao watu wa pwani hawakulipa kamwe. Baba huyo alikuwa na mkono mwingine: Desemba 1941 wafanyakazi walipogoma wakidai nyongeza, askari waliwapiga risasi uwanjani Elisabethville, wakauawa makumi, na Léonard Mpoyi, kiongozi wao, akiwamo. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliyachora mauaji yale katika miaka ya 1970, na alimsimulia historia yake Johannes Fabian kwa Kiswahili cha Shaba. Walimu wanaokidharau Kiswahili hicho kwa upatanisho wake wa ngeli wangefaa kuzitazama picha zile kwanza.

Kisha baba akafilisika. Gécamines, iliyorithi migodi baada ya 1967, ilianguka katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi wapatao 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa rasmi kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake cha mwaka 2001, amewaita wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Jina hilo si sitiari aliyoibuni mezani. Watu wale walikuwa wamelelewa waamini kuwa wana baba, nao walipoachishwa hawakuhuzunika kama watu waliovunjiwa mkataba. Walihuzunika kama yatima. Kijakazi angewaelewa mara moja. Ndiyo maana tunasema huzuni yake baada ya Fuad si ujinga. Ni hesabu ya haki ya kitu alichokuwa amekitoa na ambacho hakuna mapinduzi yanayoweza kumrudishia.

Kwetu Uganda jambo hili lina upande wake mchungu. Kiswahili hapa hakikuja kwa mashairi. Kilikuja na msafara, kisha na askari, reli, mashamba ya miwa na kiwanda, na wengi wa wazee wetu walikisikia kwanza kikiwa katika kauli ya amri. Neno posho, ambalo kwa Mswahili ni chakula au fedha ya kujikimu apewayo mtu kazini, kwetu limekuwa jina la ugali wenyewe. Kila tunapoketi mezani tunakula ajira ya babu zetu. Hili si jambo la kulionea haya, ila lina mafundisho. Tukivifungua vitabu vya kuanzia vya wanafunzi wetu, tutakuta mazungumzo ya ofisini ambamo mkubwa anaagiza na mdogo anajibu ndiyo, mara moja, samahani. Tumewafundisha watu wazima namna kumi za kuomba radhi na wala si moja ya kukataa. Kukataa kwa adabu, kwa Kiswahili fasaha, mbele ya mtu aliye juu yako, ni somo gumu na zuri, nalo lina vyombo vyote: naona vigumu, nisingependa, hili halimo katika makubaliano yetu, naomba liandikwe. Hatujalitungia sura.

Lipo na jambo jipya ambalo lingetushtua sisi wa lugha kuliko wengine. Katika miaka hii vijana wa Afrika ya Mashariki wameajiriwa Nairobi kuchuja maandishi na picha za mitandao ya dunia, na wengi wao waliajiriwa kwa sababu ya lugha wanazozijua, Kiswahili kikiwamo. Kazi yao ilikuwa kutazama, kwa saa nyingi, mauaji na unyama ili wengine wasivione. Mwaka 2022 mmoja wa waliokuwa wafanyakazi hao alifungua kesi Nairobi dhidi ya Meta na wakala wake Sama, na Mei 1, 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hiyo walikutana mjini humo wakaazimia kuunda chama. Hapa ujuzi wa lugha umekuwa bega la kuli. Ufahamu wa fumbo, wa tusi lililofichwa, wa tofauti kati ya mzaha na kitisho, yaani yale yale tunayoyafundisha katika somo la fasihi, ndiyo bidhaa iliyonunuliwa. Tunamngoja mwandishi atakayekaa na watu wale, asikimbilie hotuba ya mwisho, atuandikie jicho kama Adam Shafi alivyotuandikia bega.

Wala tusijifiche nyuma ya wengine. Mwalimu anayesoma makala haya ameambiwa mara ngapi kwamba ualimu ni wito? Neno hilo, kama mwajiriwa na mtumwa, lina mtendaji asiyetajwa. Tumeitwa, hatuulizi ni nani aliyeita. Na tumeona kuwa hutajwa zaidi mshahara unapochelewa. Katika shule moja tuliyopata kufundisha zamani, mkuu wa shule alitusomea barua ya kuahirisha malipo ya mwezi wa pili mfululizo, kisha akatuomba tuimbe. Tuliimba, na kwa sauti nzuri. Tunamcheka Kijakazi kwa sababu gani?

Tulirudi darasani wiki iliyofuata na sura tatu za Kasri ya Mwinyi Fuad zilizopigwa chapa, tukawaomba wanafunzi waandike ukurasa mmoja: Kijakazi anamwandikia Fuad barua, naye hajaamka bado wala hajafunzwa na mtu. Tulikataza maneno unyonyaji na ukombozi. Mlinzi mmoja wa usiku aliandika barua yenye orodha tu: alfajiri ngapi, ndoo ngapi za maji, ni mara ngapi bwana alikuwa mgonjwa na nani aliyekesha. Hakuweka hukumu yoyote chini yake, na tulimpa alama ya juu kuliko tulivyowahi kumpa mtu kwa insha ya dhamira. Karani mmoja alimfanya Kijakazi aombe ruhusa ya siku tatu, na barua nzima ikawa ni kutafuta namna ya kuanza.

Dada wa mapokezi hakuandika barua. Alileta karatasi yenye sentensi moja, akauliza kama sarufi yake ni sahihi, kwa kuwa alitaka kuisema kazini Ijumaa ijayo. Sentensi ilikuwa hii: "Mimi si mwana wenu, mimi ni mfanyakazi wenu, nami naomba siku zangu tatu." Tulibadilisha neno moja tu. Tulimwambia kwamba naomba ni la adabu na laweza kubaki, ila kama siku zile ni haki yake kwa mkataba, Kiswahili kina kitenzi kingine, nacho ni kudai. Aliandika yote mawili, moja juu ya jingine, akasema atachagua akifika.